Ngome Zisizo na Mwenyeji

...na bora asijitikise, kwani akijitikisa mtoto ataamka, akiamka atalia, na akilia hatasikia tena wanachosema huko ukumbini, basi Muhsina akabaki vile vile mkekani, mgongo ukutani, mguu mmoja umekufa ganzi, Nasriya amemlalia mkononi na ziwa bado mdomoni, hanyonyi, amelishika tu asije akanyang'anywa, na upande wa pili wa pazia Majid, mumewe, na Harub, kaka mkubwa wa Majid, wameitandaza ramani sakafuni, anasikia karatasi inavyolia wanapoigeuza, ile ramani ya Ulaya ambayo yeye ameiinamia miezi hii yote mpaka anajua mto upi unapinda wapi, na Harub anasema, "Haya, nionyeshe upesi, yakhe, gari langu linakuja baada ya alasiri," gari la kumpeleka kiwanja cha ndege, arudi Ujerumani kazini kwake, arudi na jibu, na jibu lenyewe ni la Muhsina, kwenda au kutokwenda, maana Harub ndiye atakayewatafutia pikipiki huko, na pikipiki ya mtu mmoja siyo ya wawili... mwakani kampuni ya mafuta inampeleka Majid huko huko Ujerumani akajifunze mitambo, akimaliza atakuwa na mwezi mzima wa mapumziko, na mwezi huo Majid ameshauota, anautaka uwe wa ngome, ngome za kale za wafalme wa Kizungu, moja baada ya moja kando ya mito, kwa pikipiki, bila kiongozi, bila kampuni ya kutembeza wageni, wao na njia tu, na mkewe nyuma yake, "Utakuja kwa ndege, mie ntakupokea," na asubuhi ya leo akifunga vifungo vya kanzu akasema tena, kwa upole, bila kumtazama ili asimtie haya, "Nambie leo kabla kaka hajaondoka, ukisema ndiyo ntafurahi, ukisema la sitanuna, ila usinambie utakavyo wewe, maana hilo si jibu," na Muhsina akamwambia, "Utakavyo wewe," papo hapo akajiona mpumbavu, na Majid akacheka akatoka zake, hakununa kweli, ndivyo alivyo, mtu wa kucheka na kuacha mlango wazi nyuma yake ili usije ukadhani ameubamiza.

Dirishani Bi Hamdiya, mama yao Majid na Harub, anachambua mchele kwenye ungo, chenga huku, mawe kule, kichwa ameinamisha kama kiziwi, lakini Muhsina anamjua, mama mkwe wake husikia hata paka anayepita juu ya dari ya jirani, na sasa ungo umetulia kidogo, naye anasikiliza, wote wawili wanasikiliza, mtu na mkwewe, kama waliotegea redio... "Siku ya kwanza mbona fupi hivi?" Harub anauliza, na Muhsina akatega sikio zaidi, kwa sababu siku ya kwanza aliifupisha yeye kwa makusudi, mwili haujazoea kiti, mikono haijazoea mtetemeko, mtu haanzi safari kwa kujivunja, na Majid anajibu, "Ya kwanza huwa fupi, ya pili nayo isizidi sana, halafu ndiyo unanyoosha," maneno ya Muhsina hayo, neno kwa neno, na Harub akasema, "Ala! Umekuwa na akili," na Muhsina akatabasamu peke yake kivulini mwa pazia... maana Majid ndiye aliyemwanzishia, lakini kidogo tu, alimwonyesha ile mistari myembamba na minene, alama ya daraja, alama ya kituo cha petroli, na ule mnara mdogo mweusi ambao maana yake ni ngome, kisha akamwekea penseli mkononi akasema, "Panga wewe, mie kazi yangu kuendesha," jambo dogo, penseli tu, lakini toka darasa la saba kule Unguja hakuna aliyempa penseli kwa ajili ya kitu ambacho hakijaandikwa na mtu mwingine, na darasa la saba lenyewe hakulimaliza, likaja lile la Januari ya sitini na nne, skuli ikafungwa, na baba akasema tunaondoka... kwanza alipima kwa rula, akapata safari nyepesi, siku nzima ya kula na kustarehe, Majid akaitazama akasema, "Mto haunyooki kwa sababu wewe una rula, bibi," wakacheka mpaka mtoto akaamka, ndipo akachukua uzi, uzi mweupe ule wa kushonea kofia, akaulowesha mate, akaulaza juu ya njia, kona kwa kona, akaunyoosha chini penye kipimo cha kilomita, na hapo njia zikawa ndefu, zikawa za kweli, akajifunza kwamba petroli huhesabiwa kabla ya mlima na siyo baada, kwamba miji miwili mikubwa haikai siku moja, kwamba lazima iachwe siku tupu kila baada ya siku kadhaa, siku ya mvua, na kama mvua haikunyesha basi ni siku ya kufua, na Majid akisoma hutikisa kichwa, hasemi "vizuri" kama mwalimu, husema, "Hapa tutakula nini?" yaani ameshafika hapo, ameshakaa, ameamini.

"Ngoja," Harub anasema, "ngoja ngoja ngoja... hapa mnalala wapi?" na Majid, "Hapo, si panaonekana, kwenye ngome," na Harub, "Na hapa?" na Majid, "Ngomeni," na Harub, "Na siku hii?" na karatasi ikageuzwa, na mara Harub akaangua kicheko, kicheko kile chake cha toka utotoni anachokisema mama yake kuwa kitamtoa jino, "Yakhe Majid! Kila usiku ngomeni! Na hii ni nini hii, halua? Mkebe wa halua kila ngome, na ubani? Mtampa nani, mkata tiketi? Wallahi nani kakupangia haya?" na Muhsina mkono uliomshika mtoto ukakaza bila kukusudia, akaulegeza upesi, kwa nini, kwa nini anacheka, wapi pengine alale msafiri... kwani yeye ngome anaijua, haijui kwa kusoma, alilala ndani yake, mwaka ule ule waliposhuka melini hapa Matrah, Omani, baba yake mzee Sleyum na mama na watoto na masanduku mawili, wakapanda lori kwenda bara kutafuta jamaa ambao baba mwenyewe hajawahi kuwaona, lori likaharibika wadini, kwenye bonde la mawe matupu, wakatembea mpaka jua likatua, na mbele wakaiona ngome ya udongo juu ya kilima, na mama akalia akasema watatufukuza, na mlinzi mlangoni hakuuliza nyinyi nani, alisema tafadhalini tu, tafadhalini, akachukua sanduku, wanaume wakapelekwa kwa liwali, tende, kahawa, wanawake juu, na juu kulikuwa na bibi mmoja jina lake Kheiria, mke wa liwali au dada yake, Muhsina hakupata kujua, Kiarabu chake siku zile kilikuwa cha msahafu tu, bibi yule akaleta beseni la maji ya moto akamwosha miguu, msichana wa skuli wa Unguja aliyezoea kuoshwa na mama yake tu, akamkanda vidole kimoja kimoja, akampa godoro lake mwenyewe akalala chini, na asubuhi walipokuwa wanapanda punda ndipo baba alipoulizwa jina, siyo kabla, kwa sababu mgeni haulizwi jina kabla hajashiba... basi tangu hapo kwake ngome siyo kuta, siyo mizinga, ngome ni mahali ambapo mtu asiyekujua ameshachemsha maji, na alipouona ule mnara mweusi kwenye ramani, mmoja hapa, mmoja kule, umbali wa siku moja moja kando ya mto, alisema moyoni, kumbe na wao wanafanya hivyo hivyo, ndiyo maana wamezijenga njiani, na hakumuuliza Majid, kwa sababu hakuna mtu anayeuliza kama jikoni kuna moto, na Majid naye hakumuuliza, kwa kuwa naye ni mtu wa hapa, amelala kwa maliwali mara ngapi akifuata nguzo za simu za kampuni, ikawa wote wawili wamepotea pamoja bila kujua.

"Nimepanga mie," Majid anasema huko ukumbini. Ungo ukasimama kabisa. Muhsina akainua macho, Bi Hamdiya naye ameinua yake, wakatazamana juu ya mchele, halafu mama mkwe akayateremsha, akaendelea kuchambua, taratibu, kama mtu aliyekanyaga zulia la watu na viatu... "We?" Harub anasema, "We hata kuikunja ramani hujui, umeichana hapa pembeni!" na Majid, "Nimepanga mie, nimekosea mie, sasa cheka umalize," na Harub akacheka akamaliza... amenisitiri, Muhsina akawaza, amejifunika aibu yangu kama shuka, na ilimchoma, wema wake ulimchoma kuliko kicheko cha shemeji, kwani ile siku ya kwanza fupi nayo sasa ni ya nani, na uzi, na petroli kabla ya mlima, akiichukua aibu anachukua na kazi yote, na hakukusudia, maskini, amekusudia heri tu... "Sikiliza basi," Harub anaeleza, sasa sauti imekuwa ya kaka, "zile ngome hazina mtu, hazina mwenyeji, zimebaki mawe. Mlangoni kuna mzee kwenye kibanda, unalipa, unakwenda unaona ukuta, unaona kitanda cha mfalme kimezungushiwa kamba usikiguse, jioni kengele, wanawatoa wote, wanafunga. Nyingine hata paa hazina. Kulala ni hotelini, ghali, au kambini, kuna viwanja vya mahema kando ya mto, watu wa pikipiki wote ndiko wanakolala, unapiga hema, unapika kwa stovu, mvua ikinyesha inanyesha." Na Majid, polepole, "Ngome haina mtu hata mmoja?" na Harub, "Njiwa."

Njiwa... basi na wale wanawake hawapo, akawaza Muhsina, na hapo ndipo lilipomwangukia lile ambalo hakumwambia mtu, wala Majid, wala hakuliandika popote, kwamba safari yote ile aliipanga na Nasriya ndani yake, katika kila mwendo alimwona mtoto katikati yao, amefungwa kwa kanga baina ya kifua chake na mgongo wa babake, ndiyo maana siku zake zilikuwa fupi, siyo kwa ajili ya mikono tu, na kila jioni kule juu ngomeni kulikuwa na bibi fulani wa Kizungu, mnene, wa makamo, ambaye anampokea mtoto mikononi na kusema kwa lugha yake, "Masikini, masikini," na beseni, na maji ya moto, ngome baada ya ngome bibi baada ya bibi, aliwapangia hata zawadi, na sasa Harub amepita kama upepo akawazima wote, mmoja mmoja, pakabaki kamba iliyozungushiwa kitanda, na njiwa, na mvua juu ya hema, na mtoto wa mikono haendi huko, hakuna mama mwenye akili atakayempeleka... "Na mwanamke ataweza hayo?" Harub anasema kwa sauti ya chini, lakini pazia ni kitambaa tu, "na huyo mtoto?" na Majid, "Mtoto atabaki na mama," na hapo Bi Hamdiya akapaza sauti bila kuinua kichwa, "Mama yupi? Mama kaulizwa?" na kule Majid, "Samahani, mama," na Bi Hamdiya, "Atabaki, kwani ntamtupa? Lakini nilitaka niulizwe. Mnagawana watu humo kama mnagawana papa," na Harub akaanza kucheka tena akajizuia, akakohoa.

Basi jibu ni hapana, Muhsina akawaza, na akastareheka, mwili mzima ukastareheka kama aliyetuliwa mzigo, jibu ni hapana na wala halina aibu, mtoto ananyonya, nani atamlaumu, Majid atakwenda na pikipiki ya mtu mmoja atamletea picha, yeye atamsahihishia ramani, atampangia mahema badala ya ngome, kazi ni ile ile... mtoto ananyonya... lakini kiangazi cha mwakani Nasriya atakuwa ametimiza miaka yake miwili na kupita, atakuwa ameachishwa, Mungu mwenyewe ameweka miaka miwili, basi hilo la kunyonya si sababu, alilijua toka mwanzo kuwa si sababu, na akikosa hilo ana lipi... akaanza upya, kwa utulivu, kama anavyofanya njia ikimkataa, akalaza uzi kutoka mwanzo, akaingia ngome ya kwanza akawatoa wanawake, akaingia ya pili akawatoa, akayatoa mabeseni na maji na godoro na yule bibi mnene, akatazama kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa njia, njia tupu, na mgongo wa Majid, na yeye bado yumo, hakushuka, akashangaa, akarudia tena kama mtu anayehakikisha mlango, akaondoa na jua akaweka mvua, bado yumo... akakumbuka Ijumaa moja, pikipiki ya kampuni, Majid alimchukua kutoka hapa Matrah mpaka lango la Maskati na kurudi, mara moja tu, buibui amelifunga fundo magotini lisinaswe na gurudumu, mtoto amemwacha kwa bibi yake, na pale kwenye mteremko wa Riyam upepo ukamjaa mdomoni hata hakuweza kusema polepole, na hakutaka kusema polepole, na langoni yule askari wa Kibaluchi alipowaona aligeuka akajitia kutazama bahari ili mtoto wa watu asitahayari, Mungu amlipe, na kwa muda ule wote, kutoka juu ya mteremko mpaka chini, hakumkumbuka Nasriya, alikumbuka walipofika, akaingia nyumbani mbio akamchukua akamnusa shingo akalia kidogo, na hakumwambia mtu analilia nini... yeye maisha yake yote amepakiwa, alipakiwa melini, alipakiwa lorini, alipakiwa arusi akaletwa nyumba hii, si kwa ubaya, kwa mapenzi, watu wema wamemshika mkono kila mahali na wamemwosha miguu, lakini hakuna hata njia moja aliyoipita ambayo aliipima kwanza, isipokuwa hii, hii ambayo ameikosea... na anampenda huyu, akamtazama, kope zake, jasho la paji la uso, anampenda mpaka anaogopa kutamka, na bado anataka kwenda, yote mawili yamekaa pamoja kifuani wala hayagombani, alidhani yatagombana.

"Atalia siku mbili tatu," Bi Hamdiya akasema, kwa sauti ndogo ya humu humu ndani, macho kwenye ungo, kama anayezungumza na mchele, na Muhsina akajua hakuambiwa ili afarijike, "halafu atanizoea mie. Na wewe ukirudi atakukataa, atanikimbilia mie, utaumia. Huyo Majid nilipokwenda Hija nikarudi, alinitazama kama mwizi. Wiki nzima haji kwangu." Akatupa jiwe dirishani. "Halafu akaja. Nakwambia ujue tu, mwanangu, sikuzuii wala sikusukumi," na Muhsina akasema, "Najua, mama," na akajua kweli, na katika wema wote wa siku hiyo huu ndio uliomkaa, wema usiofunika kitu, na hapo hapo akaona kwamba yule mtu wa upande wa pili wa pazia naye anastahili kupewa wa namna hii, siyo utakavyo wewe.

"Basi niambie, yakhe," Harub anasema ukumbini, anasimama, magoti yanamlia, "ya mmoja au ya wawili? Nikifika tu natafuta, zikipita hizi hazirudi," na Majid, "Ngoja nikamuulize mwenyewe," na sauti yake haikuwa na tamaa ndani yake, ameiondoa kwa makusudi isije ikamlemea mtu, na nyayo zake zikaja mpaka penye pazia, zikasimama, kitambaa kikajaa kidogo kwa pumzi yake, "Mama Nasriya?" akaita, na Muhsina hakujitikisa, mguu ule ule umekufa ganzi, mtoto vile vile mkononi, mdomo umelegea sasa, maziwa tone moja shavuni, akapandisha mtandio kichwani kwa mkono mmoja, akavuta pumzi, akasema, siyo kwa Majid, kwa yule wa nyuma yake, na hakuinua sauti sana asimwamshe mtu:

"Shemeji Harub, ramani nimepanga mimi, na kosa la ngome langu. Sasa huko kambini, kwenye mahema, wanawake wanaogea wapi?"